Gari Linalorusha: Istilahi za Springi na Shokomzoba katika Pikapu za Safari Ndefu

Katika kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi, mkazo aghalabu huwekwa katika taaluma zinazofundishwa madarasani: fizikia, sheria, uchumi, tiba. Taaluma za gereji hupata nafasi ndogo, yamkini kwa kudhaniwa kwamba fundi na dereva wanaelewana tayari na kwamba lugha yao haihitaji kuingiliwa. Dhana hiyo ina ukweli wa upande mmoja. Fundi na dereva wanaelewana. Asiyeelewana nao ni mtu wa ofisini, pamoja na mfasiri anayemwandikia.

Miaka michache iliyopita tuliletewa rasimu ya mwongozo wa matunzo ya magari, uliofasiriwa kwa ajili ya ofisi moja yenye pikapu kadhaa za kazi nzito. Magari hayo hukaa njiani majuma mawili au matatu, yakiwa yamebeba mahema, madumu ya maji, mafuta ya akiba, tairi mbili za ziada na masanduku ya vifaa. Usiku watumishi hulala papo hapo yalipoegeshwa. Pamoja na rasimu tulipewa nakala za barua chache za ndani, ili tuone jinsi maneno yanavyotumika. Barua hizo zilitufunza mengi kuliko rasimu yenyewe.

Ya kwanza iliandikwa na dereva. Alieleza kwamba gari likipita tuta linarusha, na kwamba likishashuka halitulii, bali hurudia kupanda na kushuka mara tatu au nne ndipo linyamaze. Karani aliyeipokea akafupisha: «springi za nyuma zimelegea». Mtunza bohari akaagiza «springi nzito». Springi zikafungwa, gari likarudi njiani, na baada ya mwezi dereva akaandika tena: sasa linarusha na linapiga pia, na masanduku mawili yamepasuka. Hapo afisa mmoja akaomba fedha «za kuongeza starehe ya gari», na mhasibu, kama ilivyotazamiwa, akalikata fungu hilo kwa hoja kwamba gari la kazi si gari la starehe. Mwishowe gari lilipelekwa kwa fundi mmoja mzee. Fundi huyo aliikandamiza bampa ya nyuma kwa mikono miwili, akaiachia, akahesabu, kisha akainama chini ya gari na kuonyesha shokomzoba mbili zilizolowa oili. Hakuna barua hata moja iliyokuwa imezitaja.

Sidhani kwamba kulikuwa na uzembe. Maneno ya dereva yalikuwa sahihi kabisa. Mhandisi asingeweza kueleza vizuri zaidi dalili za shokomzoba iliyokufa. Lakini kila aliyeyapokea aliyabadilisha kidogo, kwa sababu lugha ya ofisi haikuwa na maneno ya kutenganisha mambo mawili: kile kinacholibeba gari, na kile kinacholituliza.

Tuanze na kinachobeba. Pikapu inayojulikana sana kwa safari za namna hii katika nchi yetu ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Hapo mwanzo pikapu za mfululizo huo zilikuwa na springi za vipande bapa mbele na nyuma. Ilipofika mwaka 1999 springi za mbele zilibadilishwa kuwa za koili, lakini nyuma, mahali panapokaa mzigo, springi za vipande bapa zimeendelea kutumika. Katika makala haya nitaziita springi za mabapa. Najua kwamba neno bapa lina kazi nyingine katika maduka ya vinywaji. Hata hivyo umbo ni lilelile, na sioni sababu ya kuwaachia wanywaji neno zuri kama hilo.

Springi ya mabapa ni fungu la vipande virefu vya chuma cha pua vilivyopindwa kama upinde, vikapangwa kimoja juu ya kingine kuanzia kirefu hadi kifupi, vikabanwa katikati kwa boliti na kufungwa kwenye ekseli kwa yuboliti. Ncha zake mbili hushikwa na chesisi kwa njia ya bushi. Ncha moja haina budi kuning'inia kwenye kishikizo kinachobembea, kwani upinde ukinyooka hurefuka, na lazima upate pa kurefukia.

Neno la kwanza linalohitaji kuangaliwa hapa ni -gumu. Katika Kiswahili cha kila siku, jiwe ni gumu, mtihani ni mgumu, bahili ana mkono mgumu, na springi isiyobonyea upesi ni ngumu. Mazungumzoni hakuna hasara. Lakini katika rasimu tuliyoletewa kulikuwa na sentensi moja inayohusu chuma kilichokomazwa kwa moto, na nyingine inayohusu springi isiyobonyea kwa urahisi, na zote mbili zilifasiriwa «springi ngumu». Hizi ni sifa mbili mbalimbali. Ugumu ni sifa ya chuma chenyewe. Kutobonyea ni sifa ya springi nzima, na hutegemea urefu, upana, unene na idadi ya mabapa. Chuma cha springi kikikomazwa zaidi, springi haitabonyea kidogo kuliko zamani chini ya mzigo uleule. Kitakachobadilika ni kiasi ambacho inaweza kuvumilia kabla ya kupinda moja kwa moja au kuvunjika. Hivyo basi mtunza bohari anayetafuta springi isiyobonyea upesi, akaandikiwa «ugumu», ameelekezwa kwenye duka lisilo lake.

Kwa sifa hii ya pili napendekeza ukakamavu. Neno hili limo katika lugha tayari: ngozi ikikauka hukakamaa, na misuli ikishikwa na baridi hukakamaa. Ni kweli kwamba mkakamavu kwa kawaida ni mtu shupavu, na mwenzangu mmoja alinitania kuwa springi kakamavu ni ile isiyoogopa mashimo. Lakini mzizi wa maana upo wazi, na neno linanyambulika vizuri: springi inaweza kukakamaa, kukakamazwa, kuwa na ukakamavu mkubwa au mdogo. Kipimo chake ni kani inayotakiwa ili springi ibonyee kiasi fulani, mathalani newtoni 60 kwa kila milimita.

Kuhusu «springi nzito» la kusema ni dogo. Uzito ni kilo. Springi yenye mabapa mengi membamba inaweza kuwa na kilo nyingi na bado ikabonyea kwa urahisi kuliko yenye mabapa machache manene, kwa kuwa ukakamavu wa bapa hufuata unene wake mara tatu, yaani unene kuzidishwa kwa unene kuzidishwa tena kwa unene. Bapa likinenepeshwa kwa asilimia 10 tu, ukakamavu wake hupanda kwa asilimia 33. Mfasiri anayeandika «nzito» humfanya mnunuzi apime springi kwa mizani ya sokoni.

Sasa tutazame jinsi ukakamavu unavyofanya kazi, maana hapa ndipo lilipo kosa la barua zile. Tuchukue mfano wa hesabu, si vipimo vya gari fulani. Springi mbili za nyuma kwa pamoja zina ukakamavu wa newtoni 120 kwa milimita, na pikapu ikiwa tupu zinabeba kilo 400. Gari hilo likirushwa na tuta litapanda na kushuka mara 2.75 kwa sekunde, mwendo wa haraka unaosumbua kiuno. Ongeza mzigo wa kilo 800, springi zibebe kilo 1,200: mwendo utapungua hadi mara 1.6 kwa sekunde, karibu na ule wa gari dogo la abiria. Ndiyo sababu kila dereva wa pikapu anajua kwamba gari likiwa na mzigo hukaa vizuri, na wengine huweka viroba vya mchanga nyuma wanapotumwa bila shehena. Manahodha wa majahazi walikuwa na neno la mzigo wa namna hiyo, farumi, ingawa farumi ya jahazi huwekwa ili chombo kisipinduke na kiroba cha pikapu huwekwa ili kiuno kisiumie.

Sasa tufanye kama alivyofanya mtunza bohari: tuongeze mabapa hadi ukakamavu ufike newtoni 180. Gari tupu litarusha mara 3.4 kwa sekunde, na lenye mzigo karibu mara 2. Viwango vya kimataifa vya kupima mitetemo impatayo binadamu, ISO 2631, vinaonyesha kwamba mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya wima ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, ofisi ile ilitumia fedha zake kulisogeza gari karibu zaidi na mitikisiko iumizayo. Laiti mzigo ungekuwa mkubwa kupita uwezo wa springi za awali, kungekuwa na hoja. Lakini barua ya dereva haikusema kwamba gari limelala nyuma. Ilisema halitulii.

Na hapo tunaingia kwenye kinachotuliza. Springi haina uwezo wa kutosha wa kumaliza mtikisiko. Huupokea, huuhifadhi, kisha huurudisha, kama mtu aliyekopeshwa akalipa yote siku ya pili. Kinachoumaliza ni shokomzoba: bomba lenye oili na pistoni yenye matundu madogo. Gari likipanda au kushuka, pistoni huilazimisha oili ipite katika matundu hayo kwa shida, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Shikeni shokomzoba baada ya saa moja ya barabara mbovu (kwa tahadhari, kwani inaweza kuunguza mkono), nanyi mtaigusa safari nzima ya Serengeti ikiwa imegeuka moto.

Neno shokomzoba tumelitohoa kutoka Kiingereza, na magereji mengi siku hizi husema shokapu. Mara kwa mara hutokea mfasiri mwenye bidii anayeliona tohozi hili kuwa ni doa katika lugha, akapendekeza kinyonyamshtuko au kifyonzamshtuko. Nakiri kwamba nilipoanza kazi hii nilikuwa upande wake. Leo napinga, na sababu si mapenzi ya kukopa. Jina la Kiingereza lenyewe lina kosa. Lasema kwamba chombo hiki hunyonya mshtuko, ilhali mshtuko hupokewa kwanza na tairi, kisha na springi. Chombo hiki kinafuata nyuma, kikizima marudio. Wahandisi wa Uingereza wenyewe wana neno jingine wanalolitumia wakiwa makini, lenye maana ya kupunguza nguvu ya mtikisiko. Wafaransa husema amortisseur, kutokana na kitenzi chenye mzizi wa mauti: kifishaji. (Hapa mafundi wetu na Wafaransa wanapishana mlangoni: kwa Mfaransa chombo hiki hufisha, kwetu sisi hufa.) Wajerumani wana jina la mtaani linalotaja mshtuko, lakini katika vitabu vya ufundi huandika Schwingungsdämpfer, kipunguza mtikisiko.

Hivyo tukifasiri jina la Kiingereza neno kwa neno, tutalichukua kosa la wenyewe na kulivalisha kanzu. Shokomzoba, kwa kuwa mzizi wake hauonekani kwa Mswahili, halimdanganyi mtu. Ni jina tu, kama Juma. Kinyonyamshtuko lingemfundisha mwanafunzi wa ufundi, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba gari likigonga kwa nguvu basi chombo hiki ndicho kilichoshindwa kazi. Naona ni afadhali neno la kigeni lililo kimya kuliko neno la kwetu linalosema uongo.

Kwa hiyo jina libaki shokomzoba, na shokapu likubalike katika mazungumzo. Kinachokosekana ni neno la kazi yake, nalo dereva alikwisha kutupa: kutuliza. Tuseme utulizaji. Shokomzoba ina utulizaji wa kushuka, pale gurudumu linapopanda kuelekea chesisi na chombo kufupika, na utulizaji wa kurudi, pale springi inaponyooka na chombo kurefuka. Katika gari la kawaida utulizaji wa kurudi hufanywa kuwa mkubwa zaidi, ili springi isilirushe gari juu kwa nguvu yote iliyohifadhi. Sentensi ya mwongozo iliyotusumbua siku mbili sasa inafasirika bila shida: «Ukifunga springi zenye ukakamavu mkubwa zaidi, funga shokomzoba zenye utulizaji unaolingana nazo, hasa utulizaji wa kurudi.» Hesabu inaunga mkono: ukakamavu ukiongezeka kwa nusu, utulizaji unaotakiwa ili gari litulie kama zamani huongezeka kwa asilimia 22 hivi, na uzito ukizidi mara tatu, utulizaji sharti uzidi kwa kiasi cha mara 1.7. Springi mpya juu ya shokomzoba za zamani, hata kama hazijakufa, ni kazi iliyoachwa katikati.

Yapo mambo mengine mawili ya springi za mabapa ambayo mfasiri akiyajua atapona na makosa. La kwanza ni msuguano. Mabapa yakipinda husuguana, na msuguano huo ni utulizaji wa bure, lakini ni utulizaji usio na adabu: katika vituta vidogo huyashika mabapa yasisogee kabisa, na mtikisiko ukapita moja kwa moja hadi kwenye chesisi. Kutu na matope huzidisha hali hiyo. Mara nyingi dereva asemapo «springi zimekaza» hana maana kwamba ukakamavu umeongezeka. Ana maana kwamba mabapa hayatelezi, na dawa yake ni kuyafungua, kuyasafisha na kukagua bushi kabla ya kununua chochote. La pili ni zile springi zenye mabapa machache, manene katikati na membamba kwenye ncha, ambayo hayagusani isipokuwa katikati na mwishoni. Hizo hulainisha mwendo kwa kuwa msuguano wake ni mdogo, lakini kwa sababu iyo hiyo humwachia shokomzoba kazi kubwa zaidi.

Turudi kwa dereva na maneno yake. Tulipozungumza na madereva wa ofisi ile tulikuta wanayo maneno manne au matano ambayo katika rasimu yote yaliwekwa chini ya «mtikisiko». Gari linapiga: springi imeshuka hadi mwisho na ekseli imegonga mpira wa kizuizi kwenye chesisi, hiki ni kishindo kimoja, nacho ndicho kinachostahili kuitwa mshtuko. Gari linarusha: mwili wa gari unapanda na kushuka mara chache kwa sekunde, huu ndio mtikisiko. Gari linatetema: ni mtikisiko mdogo wa haraka sana, unaolegeza nati na kupasua vishikizo vya tangi, huu ni mtetemo. Tatizo moja hapa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, ambayo vitabu vya fizikia huiita masafa. Neno hilo ni sawa darasani, lakini katika mwongozo wa safari ndefu, ambamo masafa ni umbali wa kwenda, litaleta mchafuko. Hivyo tulikubaliana kuandika tu «mara kwa sekunde».

La nne lilinifurahisha zaidi. Dereva mmoja mwenyeji wa pwani, akieleza pikapu yenye hema juu ya paa, alisema inakwenda mrama. Siku hizi msemo huu huhusishwa na mipango iliyoharibika, lakini asili yake ni chombo cha baharini kinapolala huku na huku au kuinamisha omo na tezi kwa mawimbi. Kwa Kiingereza mwendo wa kulala ubavuni na mwendo wa kuinamia mbele na nyuma una majina mawili, na rasimu ilikuwa imetumia «kuviringika» kwa wa kwanza, jambo ambalo, likisomwa na dereva, ni ajali. Napendekeza mrama wa ubavuni na mrama wa mbele-nyuma. Mrama wa ubavuni huzidi kila mzigo unapowekwa juu, na huwa ni sababu tosha ya kuteremsha madumu kutoka paani kabla ya kufikiria springi. Huo wa mbele-nyuma una historia yake. Katika miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce na kwenda kufanya kazi General Motors nchini Marekani, alitumia gari la majaribio lenye vyuma vya uzito vinavyohamishika, na akaonyesha kwamba springi za mbele zikiwa laini kidogo kuliko za nyuma, mwisho wa nyuma huwahi kuufuata wa mbele na gari likatulia upesi. Mwenye kukakamaza springi za mbele peke yake, kwa kuwa amefunga winchi na bampa ya chuma, anaugeuza mpango huo juu chini.

Kabla ya springi kuna tairi, na hapa lugha ya shule na lugha ya barabara zimeachana kabisa. Mfasiri aliandika: «Punguza kanieneo ya tairi.» Kanieneo ni istilahi nzuri, imeundwa kwa kani na eneo, na mwanafunzi akiiona anakumbuka mara moja namna ya kuikokotoa. Lakini hakuna dereva aliyepata kusimama kwenye kituo cha mafuta akaomba aongezewe kanieneo. Hujaza upepo, hupunguza upepo, na tairi ina upepo mwingi au mchache. Niliulizwa kama tunaweza kuruhusu neno upepo katika maandishi rasmi wakati lina maana ya hewa inayovuma. Jibu langu ni kwamba katika kitabu cha fizikia tuandike kanieneo, na katika mwongozo wa dereva tuandike upepo, na tusimwonee aibu hata mmoja wao.

Jambo lenyewe ni la maana kuliko jina lake. Tairi ndiyo sehemu ya kwanza kupokea jiwe, na ndiyo pekee inayoweza kuisaidia ekseli, kwani ekseli, magurudumu na breki vipo chini ya springi na havibebwi nayo. (Rasimu iliuita uzito huu «uzito usiospringiwa». Tuuite uzito wa chini ya springi.) Katika barabara mbovu madereva wazoefu hupunguza upepo, wengine sehemu ya nne ya ule wa lami, wakapunguza na mwendo pia, na gari likabadilika mara moja bila senti moja kutumika. Lakini tairi yenye upepo mchache hubeba kilo chache zaidi, na ikikimbizwa hupata moto hadi kupasuka. Sentensi ya Kiswahili lazima iyataje yote matatu kwa pamoja: upepo, mzigo na mwendo, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa tairi, na kifaa cha kujazia kisikosekane garini kwa ajili ya kurudi kwenye lami.

Lililobaki ni mzigo. Watengenezaji wa springi za ziada huuliza swali moja kabla ya yote: kilo ngapi zitakuwemo garini siku zote? Rasimu ilisema «mzigo usiobadilika», ambao unaweza kueleweka kama mzigo wa aina moja. Mzigo wa kudumu ni bora. Ni ule usioshuka: hema, tangi la maji, sanduku la vyombo, betri ya pili, bampa ya chuma. Springi huchaguliwa kwa huo, si kwa ule wa siku moja ya kuhamisha samani. Na namna ya kuujua ni kwenda mizanini gari likiwa tayari kwa safari, watu wakiwa ndani, na kupima ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Ofisi ile ilikuwa haijafanya hivyo hata mara moja.

Hapa kuna mtego mmoja ambao si wa lugha tu. Rasimu ilisema springi mpya «zinaongeza uwezo wa gari wa kubeba». Si kweli. Zinaongeza uwezo wa springi. Uwezo wa gari umewekwa na mtengenezaji kwa kuangalia chesisi, ekseli, breki na tairi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilika kwa kuongeza bapa. Kadhalika mipira ya hewa inayopachikwa kati ya ekseli na chesisi ili kuinua gari lililolala: huifanya kazi hiyo vizuri, lakini huisukuma chesisi mahali pamoja juu ya ekseli, badala ya ncha mbili za springi kuugawana mzigo mbele na nyuma yake, na pikapu iliyorundikwa mzigo nyuma ya ekseli inaweza kupinda chesisi. Mwongozo uliorekebishwa unasema «uwezo wa springi» na «uwezo wa gari», na sentensi inayoviunganisha imepigwa mstari.

Kuhusu jina la jambo zima, yaani namna gari linavyokwenda kwa aliyemo na kwa vilivyomo, tuliwekewa «starehe», «ulaini» na «ubora wa kupanda». Hili la mwisho sijui lilikusudia gari au punda. Starehe tuliiacha kwa sababu ya mhasibu yule. Alikosea kuhusu gari, lakini kuhusu neno alikuwa na haki yake: aliombwa fedha za starehe akazinyima. Katika toleo la mwisho tumeandika utulivu wa mwendo. Utulivu unahusu kiuno cha dereva, glasi za maabara, mgonjwa anayebebwa nyuma, na tairi kubaki imeshika barabara wakati wa kona. Na unaendana na utulizaji, kwa kuwa maneno yote mawili yana mzizi mmoja.

Neno moja limetushinda. Zile barabara za changarawe zenye vituta vilivyopangana kama mistari ya daftari, anavyovijua kila aliyetoka lango la Naabi kwenda Seronera, tuziiteje? Umbali kati ya kituta na kituta ukiwa sentimita 80, gari la kilomita 40 kwa saa hupigwa mara 14 kwa sekunde, karibu sawa na mwendo ambao ekseli yenyewe hupenda kuruka, na ndiyo maana madereva huongeza kasi ili «wapae» juu yake, hadi breki na usukani vinapokosa pa kushika. Utafiti wa Taberlet, Morris na McElwaine uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vituta hivi huzaliwa hata na gurudumu lisilo na springi yoyote, mradi lipite mwendo fulani. Kwa hiyo neno linalozilaumu springi halifai. Rasta halifai pia, kwani limekwisha kupewa vile vijituta vya lami vinavyowekwa makusudi kupunguza mwendo. Mawimbi linapendeza, lakini kwa wahandisi wa barabara lina maana ya miinuko mirefu zaidi. Makunyanzi lilipendekezwa na mwalimu mmoja, nami nalielekea, ila sijalisikia kinywani mwa dereva. Wasomaji walio wilayani na watuandikie linavyosemwa kwao, tena wapeleke sentensi nzima kama ilivyotamkwa, si neno peke yake.